Nani Atakaa Nawe Jibu Likija?

Mwaka wa 1947 mwanasayansi Mmarekani, Sheldon Reed, aliripoti kazini Chuo Kikuu cha Minnesota na kukuta shida ndogo: kazi ipo, lakini jina la kazi ni baya. Watu walikuwa wanamletea maswali ya nyumbani kwao. Mtoto wetu wa kwanza amezaliwa na mdomo uliopasuka, wa pili naye je? Baba aliugua akili, mimi nizae au niache? Kujibu maswali kama hayo kulikuwa kunaitwa, ukitafsiri neno kwa neno, usafi wa jeni. Reed hakulitaka jina hilo. Akaiita kazi yake ushauri wa jeni, na ndivyo inavyoitwa mpaka leo.

Ili uelewe kwa nini jina la kwanza lilikuwa linanuka, angalia nani alilipia kiti alichokalia. Taasisi ya Dight, ambayo Reed alikuja kuiongoza, ilianzishwa kwa pesa za urithi wa daktari aitwaye Charles Dight. Huyu aliamini kuna watu wanaofaa kuzaa na wengine hawafai, na serikali ndiyo ichague. Mwaka 1925 Minnesota ilipitisha sheria aliyoipigania, ya kuwafunga kizazi watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1933 akamwandikia Hitler barua ya kumsifu. Na usidhani alikuwa kichaa wa pembeni. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeshaamua kwamba ni halali kumfunga kizazi Carrie Buck, msichana wa Virginia, bila hiari yake. Kufikia wakati mambo hayo yanaachwa, zaidi ya Wamarekani 60,000 walikuwa wamefanyiwa hivyo.

Kwa hivyo washauri waliokuja baadaye walijiwekea mwiko mmoja: hatukwambii la kufanya. Tunakueleza, tunakusikiliza, uamuzi ni wako. Shika hiyo sentensi, kwa sababu miaka sitini baadaye kuna watu walikuja kuigeuza biashara.

Nayafuatilia haya ya zamani kwa sababu ya kitu cha juzi tu. Leo mtu aliye Marekani anaagiza kijisanduku mtandaoni, anatema mate kwenye kichupa, anakirudisha kwa posta, na wiki chache baadaye simu inamwambia jibu liko tayari. Ndani mnaweza kuwa na asilimia za mababu. Mnaweza pia kuwa na habari za saratani ya matiti, au Alzheimer. Anasoma peke yake, pengine saa saba usiku akiwa kitandani. Mshauri je? Yuko chini kabisa ya ukurasa, kiungo cha kubonyeza ukipenda. Mimi nilitaka kujua alifikaje huko chini. (Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitafute ndani ya haya maneno ya daktari. Ni ya mtu aliyesoma kwa udadisi na hasira kidogo.)

Kazi yenyewe ilipata shule mwaka 1969, katika chuo kidogo cha Sarah Lawrence, nje kidogo ya jiji la New York. Aliyeianzisha ni mama aitwaye Melissa Richter. Alikuwa anawaza wanawake wenye akili zao ambao watoto wamekua na sasa wanataka kurudi kazini, na hospitali zilizokuwa zinaanza kupata vipimo vya jeni bila mtu wa kuvieleza. Kundi la kwanza lilimaliza 1971. Wakaunda chama chao cha kitaifa mwaka 1979. Mpaka leo wengi wao ni wanawake, na nadhani hilo ni sehemu ya sababu kazi yao imechukuliwa kama ya kupiga soga tu.

Si soga. Mshauri wa jeni akikaa nawe mara ya kwanza hata hagusi damu yako. Anachukua karatasi anachora ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari unaounganisha ni ndoa, aliyeugua anapakwa rangi, aliyefariki anakatwa mstari wa mshazari. Vizazi vitatu, ikiwezekana zaidi. Nyanya alifariki na umri gani? Kwa nini? Kuna shangazi aliyeharibu mimba mara nyingi? Halafu yanakuja maswali ambayo mashine haiulizi. Kwa nini unataka kujua sasa, si mwaka jana? Jibu likiwa baya utafanya nini kesho yake? Ndugu zako wanajua uko hapa? Utamwambia nani wa kwanza?

Mambo haya si mageni kwetu. Kabla ya ndoa wazee huwa wanapeleleza: kwao kuna kifafa? Kuna kichaa? Wale watoto wanaofariki wadogo ni wa nini? Posa imewahi kurudishwa kwa majibu ya maswali hayo. Tofauti ni kwamba wale wazee wanauliza ili waamue kwa niaba yako, na mshauri anauliza ili uamue mwenyewe.

Mama yangu mdogo anaishi Marekani, ni nesi. Wenzake kazini walimpa kijisanduku cha mate kama zawadi ya kuzaliwa. Hakukifungua. Kwanza alimpigia mama, kwa spika, sote tukiwa sebuleni: “Dada, mama yetu aliugua nini hasa?” Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Nyumbani husemwa tu “alikuwa na uvimbe”. Mama alinyamaza, halafu akasema, “Hayo ni ya marehemu, mdogo wangu. Wewe umekula?” Wakahamia habari za chakula. Nilikaa pale nikifikiria kwamba mate ya mtu mmoja kule Texas yangetusemea sisi wote pale sebuleni, na hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Jeni ni mali ya pamoja, kama shamba lisilogawanywa. Mmoja akipima mipaka, wote wamepimiwa.

Kizazi chetu Kenya kinaijua kazi hii kwa jina lingine: VCT. Tumekua tukiona zile alama barabarani. Unaingia, unaketi, mtu anaongea nawe kabla ya kukudunga kidole na anaongea nawe tena baadaye. Sheria yetu ya mwaka 2006 kuhusu HIV na Ukimwi ilitaja wazi ushauri kabla na baada ya kipimo. Baadaye, mwaka 2017, vikaja vifaa vya kujipima mwenyewe nyumbani, na vimesaidia watu ambao wasingekanyaga kliniki kwa aibu. Nayasema yote mawili kwa sababu mjadala wa Marekani ni huo huo, na pande zote zina hoja.

Ila Wamarekani walikuwa wameshaona kinachotokea ukipima watu wengi haraka bila wa kuwaeleza, na hadithi hiyo inaanzia kwetu. Anthony Allison alilelewa Gilgil. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi, alirudi Kenya na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuwa unakwenda Mlima Kenya, naye akawa anakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kitu cha ajabu. Jeni ya selimundu ilikuwa nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ikawa adimu kabisa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mahali penye malaria, mtu aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo ana kinga fulani. Aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiye anayeugua. Mwenye moja tunamwita mbebaji, na mbebaji kwa kawaida ni mzima. Anaweza kuishi hadi uzeeni asijue.

Sasa vuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani iliamka ghafla kuhusu selimundu, ugonjwa ambao kule unawapata zaidi watu Weusi na ulikuwa umepuuzwa miaka nenda miaka rudi. Nixon alitia saini sheria ya kitaifa mwaka 1972, yenye pesa za kupima kwa hiari na kutoa ushauri. Lakini majimbo kadhaa yalikuwa yameshakimbilia kulazimisha. Kwingine watoto Weusi wapimwe kabla ya kuingia shule, kwingine wachumba wapimwe kabla ya cheti cha ndoa. Vipimo vilikuwa rahisi, watu wa kueleza hawakuwapo. Mbebaji na mgonjwa wakachanganywa. Watu wazima wa afya wakaambiwa wana ugonjwa, wakanyimwa kazi, wakapandishiwa bima. Chuo cha jeshi la anga la Marekani kiliwafungia wabebaji mlango hadi 1981. Na Linus Pauling, bingwa wa kemia mwenye Nobel mbili, moja ikiwa ya amani, alipendekeza mwaka 1968 kwamba vijana wabebaji wachorwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane kimakosa. Kwenye paji la uso! Nikikutana na mtu anayesema habari ni habari tu, haiwezi kudhuru, huwa namkumbuka Pauling na wino wake.

Washauri walijifunza hapo. Kwa ugonjwa wa Huntington walijifunza tena. Huu unamshika mtu kwa kawaida akiwa na miaka thelathini au arobaini hivi, unaharibu mwili na akili polepole, na mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Hauna tiba. Mwaka 1983 wanasayansi walipata alama yake kwenye kromosomu ya 4, wakisaidiwa na familia kubwa za kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, Nancy Wexler, alikuwa amempoteza mama yake kwa ugonjwa huo huo. Jeni yenyewe ilipatikana 1993. Kabla kipimo hakijaja, wengi wa walio hatarini walisema wangependa kujua. Kilipokuja, waliojitokeza walikuwa wachache. Utaratibu uliowekwa ulikuwa wa vikao kadhaa na mshauri kabla ya damu kutolewa, na ungeweza kubadilisha nia dakika ya mwisho, bahasha ikiwa mezani. Wapo waliosimama wakaenda zao. Kwa mshauri hilo halikuwa kufeli.

Halafu pesa ikaingia. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba kuna jeni kwenye kromosomu ya 17 inayobeba hatari ya saratani ya matiti katika baadhi ya familia. Kampuni ya Myriad Genetics ikajipatia hataza za BRCA1 na BRCA2, yaani haki ya kuwa peke yake sokoni. Kipimo kamili kilikuja kupita dola 3,000. Mwaka 2002 Myriad ilifanya jambo jipya: ikatangaza kipimo hicho moja kwa moja kwa umma, kwenye televisheni, Atlanta na Denver, kama unavyotangaza sabuni. Kesi ya kupinga hataza ilipofunguliwa mwaka 2009, kati ya walalamishi walikuwamo washauri wawili wa jeni, Ellen Matloff na Elsa Reich. Tarehe 13 Juni 2013 majaji wote tisa waliamua kwamba DNA asilia haiwezi kumilikiwa kwa hataza. Watu wa “kupiga soga” walikuwa wameenda mahakamani, na upande wao ulishinda.

Lakini tayari mlango mwingine ulikuwa wazi. Novemba 2007 kampuni ya California, 23andMe, ilianza kuuza kipimo cha mate kwa dola 999, bila daktari, bila miadi. Mwaka 2008 jarida la Time likakiita uvumbuzi wa mwaka. Kulikuwa hadi na sherehe za kutema mate, watu maarufu wakiwa wamevaa vizuri wameshika vichupa. Lugha ya kampuni hizi ilikuwa tamu: ni mwili wako, ni habari yako, una haki ya kuipata bila kumpigia magoti mtu wa koti jeupe. Nakiri hoja hiyo inanigusa. Mtu yeyote aliyekaa foleni ya hospitali toka saa kumi na mbili asubuhi, kisha akazungumziwa dakika tatu na daktari asiyeinua macho, anajua hasira hiyo.

Ila angalia walichofanya. Ule mwiko wa washauri, kwamba uamuzi ni wako, ulizaliwa kwa aibu ya watu 60,000 waliofungwa kizazi. Ulimaanisha: nitakaa nawe lakini sitakuamulia. Wauzaji wakachukua nusu ya pili wakaiacha ya kwanza. Hatukuamulii, na pia hatukai nawe.

Kulikuwa na njia nyingine. Navigenics, iliyoingia sokoni Aprili 2008, iliajiri washauri wa jeni na mteja angeweza kuongea nao kwa simu. Bei: dola 2,500. Mwaka 2012 ilinunuliwa na kampuni kubwa na huduma yake kwa wateja wa kawaida ikafa. Wakati huo 23andMe ilikuwa inashusha bei kuelekea dola 99. Soko lilichagua, na lilichagua kijisanduku kisicho na mtu ndani.

Novemba 2013 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiandikia 23andMe barua kali isitishe mauzo ya sehemu ya afya. Hofu yao waliitaja wazi: jibu lisilo sahihi la BRCA linaweza kumfanya mwanamke akatwe titi zima bila sababu. Kampuni ikatii, ikabaki na mababu, halafu ikarudi hatua kwa hatua. Aprili 2017 iliruhusiwa kutoa ripoti za hatari kwa magonjwa kumi, Parkinson na Alzheimer yakiwamo. Sharti moja lilikuwa kuthibitisha kwamba watu wa kawaida wanaielewa ripoti wakiisoma peke yao. Wakajaribiwa kwa maswali, wakaelewa. Hapo ndipo mshauri aliposhuka rasmi hadi chini ya ukurasa, kwa sababu kazi yake ilidhaniwa ni kueleza, na maandishi mazuri yanaweza kueleza. Nani aliuliza mtihani wa “utamwambia nani wa kwanza”?

Machi 2018 ikaongezwa BRCA. Hapa, wewe msomaji ambaye dada yako yuko Houston au Baltimore, soma polepole. Ripoti ile ilikuwa inatafuta mabadiliko matatu tu ya BRCA1 na BRCA2, yale yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki. Mabadiliko yanayojulikana ya jeni hizo yalikuwa yamepita 1,000. FDA yenyewe ilisema hivyo siku ilipotoa ruhusa. Mwanamke Mluo au Mmijikenda akisoma “hayakupatikana”, ameambiwa karibu si kitu. Mshauri angemwambia hivyo kwa sentensi moja, kabla hajatoa pesa.

Hata maabara kubwa zinatuteleza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mabadiliko kadhaa ya jeni yaliyohesabiwa kusababisha ugonjwa wa misuli ya moyo ni ya kawaida miongoni mwa Wamarekani Weusi, na hayana shida. Watu walikuwa wameambiwa ni wagonjwa kwa sababu vitabu viliandikwa kwa kuangalia damu za Wazungu zaidi. Na mwaka 2018 maabara ya Ambry ilipopima upya majibu ghafi ambayo watu 49 walikuwa wamepata kwa vipimo vya kununua, asilimia 40 ya mabadiliko yaliyotajwa hayakuwapo kabisa.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Kufikia mwaka 2019 Marekani ilikuwa na washauri wa jeni kama 5,000, na watu waliokwisha nunua vipimo duniani walikuwa mamilioni zaidi ya ishirini. Hesabu hiyo haikubali. Medicare, bima ya serikali ya wazee, haiwalipi washauri hawa moja kwa moja, na mswada wa kurekebisha hilo umezunguka Bunge la Congress miaka mingi. Wengi wao wameenda kufanya kazi ndani ya kampuni za vipimo zenyewe, mahali mshahara ni mzuri, na sasa inabidi ujiulize anayekushauri upime analipwa na nani. Na wapo watu waliojua hatari yao kwa sababu tu ya kijisanduku, watu ambao familia zao hazikuwa na historia ya kumshtua daktari. Wale hawataki kusikia hotuba yangu, na siwalaumu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo chumba cha mshauri kilikuwa nacho: kuta. Unachosema hospitalini kinalindwa na sheria ya siri za wagonjwa. Kampuni ya kuuza vipimo kwa umma, kwa kawaida, haiguswi na sheria hiyo. Kuna sheria ya mwaka 2008 inayokataza mwajiri na bima ya afya wasikubague kwa jeni zako, lakini bima ya maisha haimo. Sheria yetu ya Kenya ya ulinzi wa data, ya mwaka 2019, angalau inazitaja habari za jeni kuwa nyeti.

Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu milioni 6.9 kwenye 23andMe. Machi 2025 kampuni ikaomba kinga ya mufilisi, na mwanasheria mkuu wa California akawakumbusha wakazi wake kwamba wana haki ya kufuta data zao na kuomba mate yao yaharibiwe. Wateja walikuwa kama milioni 15. Julai mwaka huo mali ilinunuliwa kwa dola milioni 305 na shirika liitwalo TTAM, linaloongozwa na mwanzilishi yule yule, Anne Wojcicki. Hizo herufi ni mwanzo wa maneno ya jina la zamani. Gawanya mwenyewe kwa simu: ni kama dola 20 kwa kila mtu, pamoja na ndugu zake.